Tafsiri Ielekee Kwetu: Somo la William Mkufya wa Lushoto

Mwaka 1980 Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilitoa vitabu viwili vya Kiswahili ambavyo ni nadra kuvisikia vikitajwa pamoja. Cha kwanza ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali cha mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, kikakosa mchapishaji, mwishowe akaketi akakigeuza mwenyewe kuwa Kiswahili. Cha pili ni Kizazi Hiki cha William Mkufya, mzaliwa wa Lushoto mwaka 1953, kijana ambaye hata miaka 30 alikuwa hajafikisha. Naye alikuwa amekiandika kwanza kwa lugha nyingine, Kiingereza, kwa jina la The Wicked Walk, na kampuni hiyohiyo ikakichapa mwaka 1977.

Mzee wa kisiwani alitokea lugha ya nyumbani, kijana wa milimani akatokea lugha ya darasani, wakakutana kwenye Kiswahili. Kila mmoja alijitafsiri mwenyewe. Kitereza alifariki mwaka uliofuata, na leo anaheshimiwa kama mmoja wa wazee wa riwaya yetu. Mkufya aliendelea kuandika kwa miongo minne, akatuachia baadhi ya riwaya nzito kuliko zote zilizowahi kutungwa kwa Kiswahili. Pamoja na hayo, ukisimama pale stendi ya Lushoto ukataja jina lake kwa vijana waliomaliza kidato cha sita, usishangae wakikuuliza ni wa chama gani.

Sitaki kumlilia mwandishi asiyesomwa. Vilio vya namna hiyo tumeshavizoea na havijauza kitabu hata kimoja. Nataka kutetea jambo moja alilolifanya mwaka ule 1980, ambalo naliona kuwa fundisho kubwa kuliko yote katika safari yake ya uandishi: alichukua kitabu kilichokwisha kupata heshima ya Kiingereza akakishusha kwa wenyewe. Mwelekeo huo wa tafsiri, kutoka lugha ya wachache kuja lugha ya wengi, ndio tuliouacha yatima, nasi tunaulipa kwa hotuba.

Tuanze na milima yenyewe ya Usambara, maana mtu hazaliwi hewani. Anayepanda kutoka Mombo, akapita Soni ambako wauza plamu na peasi hukimbilia madirisha ya basi na vikapu vyao mkononi, husikia lugha tatu au nne kabla hajashusha mzigo. Konda anaita abiria kwa Kiswahili. Mama wa plamu anabishana bei na mteja kwa Kiswahili, halafu anageuka kumweleza mwenzake kwa Kishambaa yale asiyotaka mteja ayasikie. Kiti cha nyuma mtu anapiga simu kwa Kipare. Na katika vijiji vya huko juu wapo Wambugu, ambao wataalamu wa isimu hawaishi kuwaandikia, kwa kuwa wana namna mbili za kusema: moja ya kawaida, iliyo karibu na Kipare, na nyingine ya ndani, yenye sarufi ya Kibantu na msamiati mwingi wa asili ya Kikushi. Mtoto wa milima hii huanza kazi ya ukalimani kabla hajaijua kalamu.

Historia nayo iko hivyohivyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Washambaa, mwaka 1848, akarudi 1852, na mazungumzo yao yalipita vinywani mwa wakalimani. Baadaye akaja Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyefanya kazi na Semboja wa Mazinde. Alisikiliza masimulizi ya wazee wa Kishambaa juu ya Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akawa mfalme, akayaandika kwa Kiswahili. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa Magila kwa sehemu kati ya mwaka 1895 na 1907. Wanahistoria wanakiita chanzo cha historia. Mimi nikikisoma naona msimulizi aliyejua kupanga kisa, kumpa mtu kauli yake na kumweka msomaji roho juu. Naona mmoja wa mababu wa nathari yetu. Naye alifanya kazi ya kuhamisha: maneno yalitoka kinywani kwa Kishambaa, yakatua kwenye karatasi kwa Kiswahili.

Kisha kuna Biblia ya Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani aliyeanzia kazi yake ya lugha huku Usambara. Agano Jipya la Kishambaa lilitoka mwaka 1908, na Biblia nzima ya Kiswahili aliyoisimamia ikatoka 1937. Alijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, jambo lililozua ubishi usiokwisha. Watu huiita Biblia ya Roehl. Wachache hukumbuka kwamba walifanya kazi naye Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, wenyeji ambao ndimi zao ndizo zilizopima kila mstari. Yule aliyeleta kalamu alipata jina, waliokuwa na masikio wakabaki kwenye dibaji. Hiyo nayo ni desturi yetu kwa watafsiri mpaka leo.

Kwa hiyo Mkufya hakuwa wa kwanza kutoka milima hii kuleta maneno ya lugha nyingine kwenye Kiswahili. Ila yeye alikuja na jipya: aliyaleta maneno yake mwenyewe.

The Wicked Walk ni kitabu cha jiji la Dar es Salaam. Yumo Maria, mwanamke anayeishi kwa kuuza mwili wake; yumo Nancy, binti yake; yumo Deo, kijana anayempenda Nancy; na yumo Magege, meneja mwenye fedha na cheo, anayemfuata binti baada ya mama. Kilitoka miaka 10 baada ya Azimio la Arusha, nchi ikiwa ingali inaimba usawa, na kikaonyesha bila kuuma maneno kwamba wakubwa walikuwa wamejifunza kuimba wimbo huo huku mikono ikiwa mifukoni mwa umma na macho kwa mabinti wa watu.

Lakini tazama mwaka wenyewe. Mwaka 1977 ndio serikali ilipoanza kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote. Watoto wakamiminika shuleni kufundishwa kwa Kiswahili, na watu wazima nao walikuwa jioni wakikaa kwenye madawati ya kisomo. Taifa zima lilikuwa linajifunza kusoma, na lilikuwa linajifunza kusoma Kiswahili. Mwaka huohuo riwaya juu ya Maria na Nancy ikatoka kwa lugha ambayo Maria na Nancy wa Manzese wasingeweza kuisoma. Magege angeweza. Yaani kitabu kilichomshtaki bwana mkubwa kilipelekwa kwanza kwa bwana mkubwa mwenyewe akisome barazani kwake.

Simlaumu kijana yule. Sekondari zilifundisha kwa Kiingereza, na zinafundisha hivyo hadi leo. Aliyefika huko alielewa kwamba mawazo makubwa yana lugha yake. Ingawa Euphrase Kezilahabi alikwishaonyesha tangu 1971 kwa Rosa Mistika kwamba Kiswahili kinaweza kubeba aibu zetu zote, heshima ya uandishi kwa wasomi wengi ilikuwa bado iko ng'ambo. La kumsifu Mkufya ni kwamba hakutulia na heshima hiyo. Baada ya miaka mitatu, kitabu kikarudi kikiwa Kizazi Hiki.

Kujitafsiri ni kazi ya namna gani? Wasiowahi kuijaribu hudhani ni kunakili tu, kwamba mwenye maneno yake ataghafilika wapi? Chukua tukio la kubuni. Binti wa miaka 18 anaingia ofisini kwa meneja mwenye umri wa baba yake. Kwa Kiingereza anaweza kumsalimu kwa neno lolote la asubuhi, akamwita bwana, wakaanza kuzungumza, na umri ukabaki pembeni. Kwa Kiswahili mlango haujafungwa na tayari kuna jambo la kuamuliwa. Je, atasema shikamoo? Akisema, na mzee akaitikia marahaba, kila neno la kubembeleza litakalofuata linanuka, maana mtu amekwisha kupokea heshima ya mzazi na sasa anatongoza. Asiposema, msomaji anajua papo hapo kwamba binti huyu si mgeni ofisini humo. Au mzee mwenyewe aikatae shikamoo kwa kicheko, aseme asizeeshwe. Hapo tumeshamfahamu mtu mzima bila sentensi moja ya maelezo. Mwandishi anayejitafsiri hukuta kila ukurasa umejaa mitego ya namna hiyo. Analazimika kuwajua watu wake upya, ajue nani mkubwa kwa nani, nani anamtania nani, nani anaweza kumwita nani dada bila kumaanisha dada.

Naamini hapo ndipo mwandishi wa riwaya za Kiswahili alipopikwa. Sisemi kwamba Mkufya alitubu Kiingereza siku moja akaapa. Mwaka 1982 alitoa The Dilemma, tena kwa Kiingereza. Ila tazama kilichofuata. Mwaka 1999 ikatoka Ziraili na Zirani, riwaya inayomchukua msomaji hadi ng'ambo ya kaburi, pamoja na malaika wa mauti, kuhojiana juu ya imani na ukafiri, juu ya Mungu, akili na dhuluma za karne nzima. Mambo hayo wengi wetu tuliaminishwa kwamba lazima yajadiliwe kwa lugha ya kigeni. Mwaka 2004 ikatoka Ua la Faraja, riwaya nene juu ya UKIMWI, wakati dawa za kufubaza virusi ndiyo kwanza zinaanza kutolewa bure hospitalini kwetu. Barabarani kulikuwa na mabango ya kuonya. Yeye alileta watu, na watu wana tamaa, woga, majuto na ucheshi ambao bango haliwezi kuubeba. Kitabu hicho alikifanya cha kwanza katika mfululizo, na mwaka 2019 ukaongezeka kwa Kuwa kwa Maua.

Riwaya hizi tatu zilizofuata zote zilitoka kwa Kiswahili. Aliyeanza kwa Kiingereza na kupita kwenye tafsiri aliishia kukifanya Kiswahili nyumba ya kazi zake nzito. Falsafa ya Ziraili na Zirani haisomeki kama mgeni aliyevalishwa kanzu ya kuazima. Na wanaojua kazi hiyo wameipokea kwa uzito wake: mtafiti Lutz Diegner wa Ujerumani aliisoma sambamba na Nagona ya Kezilahabi katika makala ya mwaka 2005. Ni sifa kwa Mkufya. Kwetu ni swali: imekuwaje Ziraili ajulikane Ujerumani kuliko Magamba ya huku Lushoto?

Sasa tupanue macho kidogo. Waandishi waliojitafsiri wapo duniani kote, lakini wengi wao wamesafiri upande mmoja. Katika Kiurdu, Qurratulain Hyder alitoa Aag ka Darya mwaka 1959, na baada ya karibu miaka 40, mwaka 1998, akaitoa upya kwa Kiingereza kwa mkono wake mwenyewe kama River of Fire. Shamsur Rahman Faruqi, bingwa mwingine wa lugha hiyo, alifanya vivyo hivyo: riwaya yake kubwa ya Kiurdu ya mwaka 2006 aliigeuza mwenyewe ikatoka kwa Kiingereza mwaka 2013 kama The Mirror of Beauty. Jirani yetu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeachana na Kiingereza kwa kishindo, alitoa Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikikuyu mwaka 1980, mwaka uleule wa Kizazi Hiki, na miaka miwili baadaye akaifikisha kwa Kiingereza mwenyewe.

Hakuna wa kuwalaumu. Tafsiri ya kwenda Kiingereza ina wenyewe: ina wachapishaji London na Delhi, ina vyuo vikuu vya kuisomesha, ina tuzo za dola. Mwandishi naye ana watoto wa kulisha. Lakini pima ugumu wa njia ya Mkufya na Kitereza. Wao walitafsiri kuelekea mahali pasipo na dola, kwa msomaji mwenye shilingi chache anayesoma kwa mwanga wa koroboi, na vitabu vyao vikachapwa katika miaka ambayo hata karatasi ilikuwa taabu baada ya vita vya Kagera. Walipeleka kitabu kwa mwenye haki nacho.

Tumejionyesha wenyewe jinsi tulivyoitelekeza njia hiyo. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alitoa Paradise mwaka 1994, riwaya juu ya pwani yetu na misafara yetu ya bara. Ikafika fainali za tuzo ya Booker, ikasomwa dunia nzima. Msomaji wa Kiswahili aliisubiri mpaka 2022, Ida Hadjivayanis alipoitafsiri vizuri na Mkuki na Nyota wakaitoa kwa jina la Peponi. Ni miaka 28. Na usisahau kilichotokea katikati: Gurnah alishinda Nobeli mwaka 2021. Yaani ilibidi Stockholm watuambie ndipo tukumbuke kwamba huyu ni mtu wetu na hadithi ni yetu.

Haikuwa hivyo zamani. Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima kichwani, alipata muda wa kumgeuza Shakespeare kuwa Mswahili: Julius Caesar mwaka 1963, Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Shaaban Robert, mtu wa Tanga kama Mkufya, aliwaletea Waswahili Omar Khayyam mwaka 1952. Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya, alishiriki kumleta Frantz Fanon katika Viumbe Waliolaaniwa mwaka 1978. Kizazi kile kilielewa kwamba lugha hukomaa kwa kubebeshwa mizigo ya kila aina, na kwamba kubeba mizigo hiyo ni kazi ya waandishi wenyewe, si ya makarani.

Najua majibu yanayonisubiri. La kwanza: Watanzania hawasomi. Nenda kwenye maduka ya vifaa vya shule Lushoto mjini uone wanachouziwa. Madaftari, kalamu, vitabu vya kiada, vitabu vya dini. Riwaya zikipatikana ni zile zilizopangwa kwa mitihani, na mtihani ukibadilika zinatoweka. Huwezi kumnyima mtu chakula ukamwita hana hamu ya kula. Watu hawa hawa husoma visa virefu kwenye simu zao, sehemu baada ya sehemu, mpaka usiku wa manane, na wakichelewa kuletewa mwendelezo wanamsumbua mtunzi.

La pili: tafsiri inaua ubunifu, afadhali kila mtu aandike chake. Safari ya Mkufya inajibu hilo. Hakudumaa kwa kutafsiri. Alitafsiri, kisha akatunga makubwa zaidi ya aliyoyatafsiri. Nyerere na Shaaban hali kadhalika hawakuacha kuandika yao.

La tatu ni la leo: kompyuta inatafsiri kwa dakika moja, ya nini kumlipa mtu? Nami nasema iachie ile shikamoo ya ofisini. Itakupa maneno. Kujua kama binti aseme au anyamaze ni uamuzi, na uamuzi unahitaji mtu aliyewahi kusimama mlangoni pale akiona haya.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, wala hakuna linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imekuwa ikizawadia kazi kama riwaya, mashairi na hadithi za watoto. Ni jambo jema. Iwekwe na nafasi ya kudumu ya tafsiri bora kwa Kiswahili, na Mtanzania aliyeandika kwa Kiingereza apewe kipaumbele akikigeuza kitabu chake. Tuzo yenye jina la mtafsiri wa Shakespeare haina sababu ya kumwacha mtafsiri nje.

Pili, vitabu kama Kizazi Hiki na Habari za Wakilindi vichapwe upya na viwekwe kwenye maktaba za shule za wilaya ambako vilizaliwa. Mwanafunzi wa Mlalo, Soni au Bumbuli anasoma historia ya dola za mbali wakati kisa cha Mbegha, kilichotokea kwenye miteremko anayoiona dirishani, hajawahi kukishika mkononi. Halmashauri zina fedha za kununua mabango ya mapokezi; nakala 200 za riwaya haziwezi kuwafilisi.

Tatu, jina la mtafsiri liandikwe kwenye jalada, na alipwe kama mwandishi. Nganisya na Ndekeja hawakupata hilo. Miaka inakaribia 100 sasa, na bado tunatoa vitabu ambavyo msomaji analazimika kupekua ukurasa wa nyuma kwa maandishi madogo ili amjue aliyevileta.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mkufya alianza kucheza ugenini, ambako makofi ni mengi, halafu akarudi kucheza kwao kwa hiari yake. Sisi tuliobaki uwanjani hatujatimiza upande wetu. Kila tarehe 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa maandamano, fulana na hotuba zinazohesabu wasemaji wetu kwa mamilioni. Lugha yenye mamilioni ya wasemaji na tafsiri za kuhesabu kwa vidole ina maswali ya kujibu. Mwaka ujao hotuba mojawapo ifutwe, fedha za fulana zichapishe riwaya moja iliyotafsiriwa, na nakala za kwanza zipandishwe Lushoto.